Tulilipa kuambiwa samaki huoza: tathmini ya huduma ya utafiti mjini Tanga

Huduma ninayoitathmini hapa si ya chakula wala ya usafiri, bali ya utafiti. Ni kampuni ndogo ya washauri elekezi yenye ofisi mjini Tanga, ambayo kikundi chetu cha wachuuzi wa samaki kiliipa kazi ya kuchunguza ni wapi, na kwa nini, samaki wetu wanapoteza thamani kati ya kushushwa kwenye mashua na kufika mikononi mwa mlaji. Jina lake nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa nina malalamiko kadhaa dhidi yake na mji wetu ni mdogo. Mimi ni katibu wa kikundi. Nilisaini mkataba, niliisoma ripoti yote hadi viambatisho, na ndiye niliyesimama mbele ya wanachama kujibu swali lililonisukuma kuandika: je, fedha zinazolipiwa utafiti unaohitimisha jambo ambalo kila mtu analijua ni fedha zilizotupwa?

Bei ya kazi nzima ilikaribia bei ya friza kubwa mpya ya kuhifadhia samaki. Ulinganisho huo si wangu. Ulitolewa na mhazini wetu siku ya kwanza, naye ameurudia katika kila kikao tangu hapo, akisisitiza kwamba friza ingekuwa imesimama pale dukani ikiunguruma na kila mtu angeiona, ilhali ripoti imelala katika kabati langu. Fedha zilikuwa za mfuko wa kikundi, yaani hisa za wanachama, si ruzuku ya mfadhili, na kwa sababu hiyo hasira za watu zilikuwa na haki ya kusikilizwa.

Kazi ya uwandani waliifanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Watafiti wao wawili, msichana na mvulana, walikuwa pale Deep Sea, mahali samaki wanaposhushwa, kabla ya jua kuchomoza, wakati mashua zinaingia na madalali wanaanza mnada, na walijua kumwamkia mzee kabla ya kumuuliza bei. Hawakuahidi mradi, hawakugawa fulana, hawakumwambia mtu yeyote kwamba serikali imewatuma. Walikuwa wakitumbukiza kipimajoto chenye sindano katika mnofu wa samaki, wakiandika joto na saa, kisha wakifunga uzi wa rangi mkiani ili wamfuate samaki yuleyule hadi Ngamiani, hadi kwenye makarai ya wakaanga samaki wa Makorora, na wakati mwingine hadi stendi, mahali mizigo inapopakiwa kwenda Korogwe na Lushoto. Walipima deli moja katika tabaka tatu: juu, katikati na chini. Wakati ule niliona ni kujitafutia kazi tu, lakini nitarudi kwenye tabaka hizo baadaye kwa sababu zina uzito wake.

Ripoti, kwa upande wake, ni jambo jingine. Karibu nusu ya kurasa zake hazituhusu: ramani ya Tanzania, maelezo ya mahali Mkoa wa Tanga ulipo, kana kwamba tuliosaini mkataba tulikuwa tumepotea, tafsiri ya neno “samaki”, historia ya uvuvi duniani, na sura nzima ya mapitio ya maandiko ambayo, kwa kuitazama tu, inaonyesha imehamishwa kutoka kazi nyingine, kwa sababu katika ukurasa mmoja maziwa makuu yanatajwa badala ya bahari. Yote yameandikwa kwa Kiingereza, ilhali katika kikundi chetu wanaokisoma Kiingereza kwa raha wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Na baada ya safari hiyo ndefu, hitimisho kuu, lililowekwa ndani ya kisanduku cha bluu, linasema kwamba samaki wanaowekewa barafu mapema baada ya kushushwa huharibika kwa kiwango kidogo kuliko wanaocheleweshewa.

Siku ya mrejesho, kisanduku hicho kiliposomwa na yule mtafiti mvulana, ukumbi ulicheka. Mwanachama mmoja mwenye umri wa mama yangu, aliyeanza kuuza samaki kabla mtafiti yule hajazaliwa, alimwambia kwa upole: “Mwanangu, hili hata mjukuu wangu analijua. Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Mngeniuliza mimi, ningewaambia bure, na chai ningewapa.” Kijana akajibu, “Ni kweli, mama,” akafungua jedwali lililofuata.

Kilichofuata ndicho kilichobadilisha mawazo yangu kuhusu huduma ile. Kijana, nadhani kwa kutahayari, alilisoma jedwali kinyume. Alisema kwamba hasara kwa kila tenga huwa kubwa zaidi siku ambazo mashua zimeleta samaki wengi. Wanachama wakaitikia kwa pamoja kwamba hilo nalo linajulikana, na mzee mmoja akalifafanua vizuri sana: samaki wakijaa barafu haitoshi, wanunuzi wanachagua, na mzigo wa chini unapondeka. Mwenzake wa kike akamnong’oneza. Kijana akaomba radhi, akasema amekosea kusoma safu, na kwamba takwimu zinaonyesha kinyume chake: hasara kwa kila tenga ilikuwa kubwa zaidi siku za samaki wachache. Ukumbi ukanyamaza kidogo, kisha mzee yuleyule akasema bila kusita kwamba hilo pia ni dhahiri, kwa sababu samaki wakiwa wachache mtu haagizi barafu, anaamini atamaliza mzigo kabla ya adhuhuri. Bei inapanda, wateja wanasita, na jua linafanya kazi yake.

Sikucheka, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimekubali kauli zote mbili kichwani kwa muda wa dakika chache. Ikiwa jambo na kinyume chake yote yanaweza kuonekana dhahiri kwa watu walewale, katika kikao kilekile, basi udhahiri huo hauwezi kuwa kipimo cha thamani ya utafiti.

Hali hii imechunguzwa, tena zamani. Mwaka 1949 mwanasosholojia Paul Lazarsfeld, akiandika kuhusu utafiti mkubwa uliofanywa juu ya wanajeshi wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliwawekea wasomaji orodha ya matokeo: kwamba wanajeshi wenye elimu zaidi walionyesha dalili nyingi za matatizo ya kiakili kuliko wasio na elimu, kwamba waliotoka vijijini walikuwa na moyo mchangamfu kuliko wa mjini, kwamba waliotoka majimbo ya kusini waliyastahimili vizuri zaidi mazingira ya joto ya visiwa. Kila tokeo alilipa sababu yake, na msomaji yeyote angejiuliza kwa nini fedha zilitumika kuyathibitisha. Kisha akafichua kwamba kila moja ya kauli hizo ilikuwa kinyume kabisa cha kilichopatikana. Miaka mingi baadaye, mwaka 1975, Baruch Fischhoff aliwapa watu maelezo ya vita vya karne ya 19 kati ya Waingereza na Wagurkha wa Nepal, kila kundi akiliambia mwisho tofauti. Watu walioambiwa mwisho fulani waliuona kuwa ndio uliotarajiwa zaidi, na hawakutambua kwamba kuambiwa kwenyewe ndiko kulikowabadilisha. Ukumbi wetu wa Tanga ulifanya jaribio hilo hilo bila kukusudia na bila gharama ya ziada, na nakiri kwamba hiki ndicho kitu bora kabisa tulichopata katika mkataba ule, ingawa hakikuandikwa katika hadidu za rejea.

Kwa mkoa wetu, hata hivyo, hakuna haja ya kwenda Marekani kutafuta mfano. Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, huko Usambara. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aisikrimu: wanachemsha maziwa, wanachanganya na sukari, wanasubiri yapoe, kisha wanayaweka katika jokofu. Nafasi katika jokofu ilikuwa finyu, na siku moja Mpemba, kwa kuhofia kuikosa, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto, sambamba na ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Ya moto yakaganda kwanza. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa, kwa kuwa jambo hilo haliwezekani. Kilicho dhahiri, bila shaka, ni kwamba kitu cha moto kina safari ndefu zaidi kufika kwenye baridi.

Sehemu ya kisa hiki ambayo watu husahau kuisimulia inahusu mji wetu. Mpemba mwenyewe ameeleza kwamba baadaye alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aisikrimu hapa Tanga mjini, ambaye alimwambia kwamba yeye huingiza mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande upesi, na akagundua kwamba wauzaji wengine wa Tanga walifanya vivyo hivyo. Kwa wauzaji hao, basi, jambo lilikuwa dhahiri. Kwa mwalimu, kinyume chake ndicho kilichokuwa dhahiri. Na kila upande ungeliona jaribio kuwa upotevu wa fedha na umeme. Mpemba aliendelea kuuliza hata alipofika Mkwawa, Iringa, akichekwa na wenzake, mpaka alipomuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam, aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Osborne hakucheka, alikwenda kumwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi alileta habari kwamba maji ya moto yalitangulia kuganda, lakini akaahidi kulirudia jaribio hadi apate jibu sahihi. Mpemba na Osborne wakachapisha makala yao mwaka 1969.

Habari haikuishia kwenye ushindi wa kijana dhidi ya mwalimu, na hapo ndipo ninapotaka mhazini wetu anisikilize. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha uchunguzi ambao haukupata ushahidi wa kuridhisha kwamba maji ya moto hupoa upesi kuliko ya baridi, na wakaonyesha kwamba tofauti ndogo tu ya kimo ambacho kipimajoto kimewekwa ndani ya chombo inaweza kuleta matokeo yanayofanana na yale ya Mpemba. Mjadala bado unaendelea kati ya wanasayansi. Niliposoma hayo ndipo nilipoelewa kwa nini msichana yule alipima deli letu juu, katikati na chini: angeweka sindano mahali pamoja tu, angetuletea jibu safi lisilo na maana.

Mfano wa pili uko karibu zaidi, nao si wa kuchekesha. Katika Hospitali Teule ya Muheza, pamoja na hospitali za Kenya na Uganda, ulifanyika utafiti uliojulikana kwa jina la FEAST, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011. Swali lilikuwa hili: mtoto anayeletwa na homa kali huku mzunguko wake wa damu ukiwa umedhoofika, je, asaidiwe kwa kuongezewa maji mengi ya mshipani kwa haraka? Jibu lilionekana dhahiri kiasi kwamba katika nchi tajiri ilikuwa ndiyo desturi ya matibabu, na mtu angeweza kuuliza kwa haki kabisa kwa nini fedha za utafiti zitumike kuthibitisha kwamba mtoto mwenye upungufu apewe nyongeza. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi makuu matatu. Baada ya saa 48, waliofariki walikuwa asilimia 10.6 na 10.5 katika makundi mawili yaliyopewa maji kwa haraka, na asilimia 7.3 katika kundi ambalo halikupewa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Maana yake, kwa kila watoto mia waliotibiwa kwa njia iliyokuwa dhahiri, watatu hivi walipotea ambao wangeweza kuishi, na hakuna daktari ambaye angeweza kuliona hilo kwa macho wodini, kwa sababu watoto wagonjwa sana hufa hata wanapotibiwa vizuri.

Ningeishia hapo ningekuwa nimewapa washauri wetu cheti wasichostahili. Kwamba baadhi ya mambo dhahiri yamegeuka kuwa uongo hakumaanishi kwamba kila anayethibitisha jambo dhahiri anafanya kazi ya maana. Wapo wanasiasa waliojipatia sifa kwa kukejeli tafiti, kama seneta William Proxmire wa Marekani, ambaye kuanzia mwaka 1975 alikuwa akitangaza kila mwezi tuzo ya kejeli kwa matumizi mabaya ya fedha za umma, na ya kwanza aliielekeza kwa utafiti wa dola 84,000 uliohusu kwa nini watu hupendana. Udhaifu wa kejeli ya namna hiyo ni kwamba huhukumu kwa kichwa cha habari. Waliochunguza upotevu wenyewe kwa makini walikuta uko kwingine. Mwaka 2009 Iain Chalmers na Paul Glasziou walikadiria kwamba asilimia 85 ya uwekezaji katika utafiti wa tiba hupotea, na sababu walizozitaja si kwamba hitimisho linajulikana. Ni maswali yasiyowahusu wagonjwa, mipango dhaifu ya utafiti, matokeo yasiyochapishwa, na ripoti zisizoeleweka wala kutumika.

Kuna aina moja ya kuthibitisha yanayojulikana ambayo kweli ni upotevu, nayo ni ile ya kutosoma waliyokwisha kuyafanya wenzako. Dawa ya aprotinini, iliyokuwa ikitumika kupunguza damu inayopotea katika upasuaji wa moyo, ilifanyiwa majaribio 64 kati ya mwaka 1987 na 2002. Waliokuja kuyajumlisha walionyesha kwamba jibu la swali hilo lilikuwa limekwisha kupatikana katika jaribio la 12, mwaka 1992. Majaribio yote yaliyofuata yaliwapanga wagonjwa katika makundi kutafuta jibu lililokuwa tayari maktabani. Tofauti kati ya hilo na FEAST ni kubwa: katika FEAST kila mtu alidhani anajua bila mtu kupima, katika aprotinini watu walikuwa wamepima, ila hakuna aliyeuliza.

Nikiipima kampuni yetu kwa mizani hiyo, naona haikupoteza fedha zetu pale wanachama walipocheka, bali ilizipoteza mahali ambapo hakuna aliyecheka. Hakuna haja ya mtu yeyote kuchunguza upya kwamba barafu humhifadhi samaki. Hilo limepimwa kwa miaka mingi, na kanuni ya kawaida ya nchi za joto, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, ingeweza kutajwa kwa sentensi moja badala ya kufanywa hitimisho kuu. Sura ya mapitio ya maandiko ndiyo iliyopaswa kutuambia hayo ili uwanda ushughulikie yasiyojulikana, lakini sura hiyo ilikuwa mapambo. Uchunguzi ulifanyika msimu wa kaskazi pekee, kwa sababu mkataba ulianza wakati huo, na kila mtu wa pwani anajua kwamba kusi ikishika, saa za mashua, aina ya samaki na hata njia za mizigo hubadilika. Takwimu zenyewe hatukukabidhiwa. Tulipewa majedwali yaliyokwisha kupikwa, na nilipoomba faili la vipimo nikajibiwa kwamba ni mali ya kampuni, ingawa samaki walikuwa wetu na malipo yalikuwa yetu.

Kosa kubwa kuliko yote limefichwa katika kiambatisho cha mwisho. Pale, kwa herufi ndogo, imeelezwa kwamba jodari na vibua wakikaa katika joto hutengeneza kemikali iitwayo histamini, kwamba kiwango cha hatari kinaweza kufikiwa kabla samaki hajaanza kunuka, na kwamba kuikaanga au kuichemsha nyama hiyo hakuiondoi. Wachuuzi wetu humpima samaki kwa jicho, kwa shavu na kwa pua, na ni mabingwa wa kazi hiyo. Lakini hapa ni jambo ambalo pua haiwezi kuliona, lenye uwezo wa kumlaza mteja kitandani, na ambalo mjukuu wa yule mama halijui hata kidogo. Kampuni ililiacha kiambatishoni na kuliweka ndani ya kisanduku cha bluu jambo ambalo kila mtu analijua. Sielewi kwa nini, isipokuwa kama ni kweli, kama ninavyoshuku, kwamba hitimisho lisilopingwa na mtu yeyote humfanya mshauri alale usingizi mzuri.

Yaliyotufaa yapo, na nitayataja kwa haki. La kwanza ni ukubwa wa tofauti: hakuna aliyebisha kwamba kuchelewa kunaharibu, lakini hakuna aliyejua kwamba sehemu kubwa ya hasara yetu inaanzia katika muda mfupi wa mnada wenyewe, samaki wakiwa wamelala juani wakisubiri dalali na mnunuzi waelewane, na si njiani kwenda Korogwe kama tulivyokuwa tukilaumu mabasi. La pili ni lile la siku za samaki wachache, ambalo limetufanya tuagize barafu kwa pamoja kila siku bila kusubiri kuona mashua zimeleta nini. Zile tabaka tatu za deli nazo zilionyesha kwamba samaki wa chini, tuliodhani ndio waliohifadhiwa vizuri kwa kuwa maji ya barafu yanawafikia, walikuwa na hali mbaya pale tundu la kutolea maji lilipozibwa. Barafu hunyonya joto inapoyeyuka, kilojuli 334 kwa kila kilo, lakini ikishayeyuka, maji yaliyochanganyika na damu yakibaki pale huwa makazi ya vijidudu. Tangu siku hiyo mafundi wa deli wamepata wateja.

Kama mwenye kikundi au duka anafikiria kuajiri huduma ya aina hii, ushauri wangu wa kwanza ni kuwaomba wahusika wake waandike kwenye karatasi, kabla ya utafiti kuanza, wanachodhani kitapatikana, na kwa kiasi gani. Karatasi zifungwe katika bahasha na zifunguliwe siku ya mrejesho. Hapo ndipo mtu atajua kama alijua. Gharama yake ni ya karatasi tu, na ingekiokoa kikao chetu na mabishano yasiyo na mwisho. Mkataba utaje lugha ya ripoti, utaje kwamba takwimu ghafi zitakabidhiwa kwa mteja, utaje misimu, na ukatae kulipia ukurasa wowote unaoeleza mahali Tanga ilipo. Muulize pia mshauri, kabla hajapanga bei, ni nani amekwisha kulichunguza swali hilo na alipata nini; akishindwa kujibu kwa ufasaha, mwache aende, kwa sababu atakuja kukuuzia jaribio la 13.

Kwa kazi ya uwandani ninawapa alama nne kati ya tano, na ningewapa zote kama wangekuja tena wakati wa kusi. Kwa ripoti ninawapa moja na nusu. Kwa mrejesho ninashindwa kutoa alama, kwa kuwa sehemu yake bora ilitokana na kosa la kusoma safu. Kuhusu kama fedha zilipotea, jibu langu kwa mhazini limekuwa kwamba zilipotea kiasi, ila si zile anazozihesabu yeye, na kwamba friza ile, kama tungeinunua, ingekuwa mwisho wa safari ilhali hasara inatokea mwanzoni, pale mnadani, mahali ambapo hapana hata swichi ya umeme.

Kampuni imetuandikia ikitaka kufanya awamu ya pili msimu wa kusi. Kamati imekubali kwa masharti niliyoyataja, na msichana wa kipimajoto ndiye tuliyemwomba aiongoze kazi. Mhazini amesema atasaini endapo watapunguza bei kwa kiasi cha kurasa zile za ramani na tafsiri ya neno “samaki”, na amekwisha kuzihesabu.